Mrejesho: kipimo cha "mwili mzima" na vidonge vya mitokondria, Kariakoo. Someni kabla hamjatoa hela

Wadau naleta mrejesho wa kile kipimo cha mwili mzima kinachosambazwa sana kwenye magrupu ya WhatsApp, pamoja na vile vidonge wanavyokuuzia ukishapimwa, vya "kuamsha mitokondria", yaani vile vijiwanda vya nishati vilivyo ndani ya seli. Kwa wenye haraka jibu ni hili: vidonge ndani yake vina kitu halali, kipimo hakipimi wanachosema kinapima, na maneno wanayowaambia wagonjwa yanaweza kuua mtu. Jina la duka silitaji, halafu haya maduka yako mengi tu, Kariakoo yapo, Sinza yapo, Mbagala yapo, mashine ni ileile na makaratasi ni yaleyale, kwahiyo ukisoma mpaka mwisho utaitambua hata ukikutana nayo mtaani kwenu.

Kilichonipeleka ni mama mdogo. Ana sukari na presha muda mrefu, anatumia metfomini ya sukari na dawa ya kushusha kolestroli ya kundi la statini, sasa kaanza kuchoka, kuchoka kweli, yaani akipanda daraja la Manzese lazima asimame katikati ashike chuma ndo aendelee. Akasikia kwa wenzie wa kikoba kuna sehemu wanapima "mpaka seli". Akaniambia mwanangu wewe si mtu wa maabara, twende wote. Nikaenda naye, na nilienda kwa moyo mweupe kabisa, kwasababu mama mdogo akisema amechoka ujue amechoka, si mtu wa kulalamika.

Huduma ya mapokezi niseme ukweli ni nzuri sana. Ghorofa ya pili, kiyoyozi, maji ya kunywa, wadada wanamwamkia mama shikamoo, wanamshika mkono kumkalisha, wanamuita kwa jina lake. Hospitali zetu nyingi zingejifunza hapo. Mzee aliyezoea kupanga foleni tangu alfajiri na kuongeleshwa dakika tatu akifika pale anasikilizwa nusu saa nzima anahisi amepona tayari, na hiyo ndo nguvu yao kubwa kuliko kidonge chochote wanachouza.

Sasa kipimo. Unashika kifimbo cha chuma mkononi, waya umeenda kwenye kiboksi, kiboksi kimechomekwa kwenye laptop. Kabla hawajaanza wanajaza jina, jinsia, umri, urefu na uzito. Inachukua kama dakika moja, halafu printa inaanza kutema karatasi: ini, figo, kongosho, macho, "sumu mwilini", mpaka "nguvu ya mitokondria" ambayo ya mama mdogo ilitoka asilimia 38 na mstari mwekundu. Hakuna damu iliyotolewa, hakuna mkojo, hakuna chochote. Nikamuomba yule dada anipime na mimi. Nikatoka vizuri tu, kijani karibu kote. Nikamwambia dada yangu naomba unipime tena, ila kwenye umri niandikie 70. Akacheka akaandika. Mkono ni uleule, chuma ni kilekile, mitokondria zangu zikashuka zikawa nyekundu na figo zikaanza kuchoka. Hapo nikawa nimeshaelewa namba zinatoka wapi.

Baada ya kipimo anakuja kijana mmoja kavaa koti jeupe, anaongea vizuri mno, akamwambia mama mdogo: "Mama, mitokondria ndo TANESCO ya seli, sasa kwako mgao umeanza." Ukumbi mzima ukaitikia kwa vichwa. Na kwa hapo alipofika hajakosea sana, mfano unaeleweka. Tatizo ni alikoenda baada ya hapo, kwahiyo ngoja niweke kwanza kile kinachojulikana halafu turudi kwake.

Mitokondria ziko ndani ya karibu kila seli ya mwili, isipokuwa chembe nyekundu za damu ambazo zikishakomaa hazinazo. Seli za misuli ya moyo ndo zimejazwa zaidi, karibu theluthi ya nafasi ya ndani ni mitokondria tupu, maana moyo haupumziki. Kazi yake: chakula ulichokula kikishavunjwavunjwa, mitokondria zinanyang'anya elektroni kutoka kwenye hayo mabaki, zinazipitisha kwenye mlolongo wa protini zilizopangwa kwenye utando wake wa ndani, na mwisho wa mlolongo oksijeni ndo inazipokea, yakatoka maji. Elektroni zikiwa zinapita, chaji za haidrojeni zinasukumwa upande mmoja wa utando zinajazana, halafu zinarudi kupitia protini moja ambayo kwa kweli inazunguka, inazunguka kabisa kimwili, na kila ikizunguka inatengeneza ATP, kemikali inayobeba nishati. Hiyo ATP ndo seli inatumia kwa karibu kila kitu, kukunja misuli, kutuma taarifa kwenye mishipa ya fahamu, kutengeneza protini. Mwingereza Peter Mitchell alipata Nobel mwaka 1978 kwa kueleza habari ya hizo chaji, na mwaka 1997 Boyer na Walker wakapata ya kwao kwa kuonyesha hiyo protini inavyotengeneza ATP. Kwa siku moja mtu mzima anatengeneza na kutumia ATP ambayo ukiijumlisha inakaribia uzito wa mwili wake mwenyewe, ileile inavunjwa na kuundwa upya tena na tena. Mi kila nikiisoma hii bado inanisisimua.

Na sio nishati tu. Utengenezaji wa hemu, ile sehemu yenye chuma inayoipa damu wekundu na kubeba oksijeni, unaanzia na kumalizikia ndani ya mitokondria. Zinapokea na kuachia kalsiamu. Na ndo zinazoshika uamuzi wa seli kufa: seli ikiharibika vibaya mitokondria zinaachia protini inaitwa saitokromu c, inaanzisha mfuatano wa seli kujiua kwa utaratibu, na saratani mojawapo ya mbinu zake ni kukwepa hilo. Zina DNA yake pia, duara dogo lenye herufi 16,569 na jeni 37, iliyosomwa yote mwaka 1981, na sisi wote tumezirithi kwa mama.

Kwahiyo magonjwa ya mitokondria yapo, na ni mazito. Kuna vijana wanapoteza uwezo wa kuona macho yote mawili ndani ya miezi michache, kuna watu wanapata kiharusi kabla hawajafika miaka 40 (baadhi yao wanaongezea na sukari na uziwi), kuna misuli inayolegea mpaka kope haziinuki. Mgonjwa wa kwanza kuelezwa vizuri alikuwa mwanamke wa Sweden, daktari Rolf Luft na wenzie walichapisha habari zake mwaka 1962: alikuwa anakula sana, anakonda, anatoka jasho mfululizo, kwasababu mitokondria zake zilikuwa zinachoma chakula ovyo na kutoa joto. Uingereza walipitisha sheria mwaka 2015 ya kuruhusu kutumia mitokondria za mwanamke mwingine ili mama mwenye tatizo asimrithishe mwanae, na mwaka 2025 madaktari wa Newcastle wakatangaza watoto 8 wamezaliwa kwa njia hiyo.

Sasa magonjwa hayo yanagunduliwaje. Wanapima asidi laktiki kwenye damu, wanasoma DNA ya mitokondria na ile ya kwenye kiini, wakati mwingine wanakata kipande cha msuli wanakipaka rangi wanakiangalia kwenye hadubini. Hata kipande cha msuli kikiwa mezani majibu yanahitaji mtaalamu, na yanachukua muda. Chuma cha kushika mkononi dakika moja hakiwezi kujua asilimia ya mitokondria zako. Hakiwezi kabisa, hakuna njia. Na hapa ndo roho iliniuma, kwasababu mama mdogo alishika ile karatasi kwa mikono miwili akaikunja akaiweka kwenye mkoba na kadi zake za kliniki.

Haya vidonge. Chupa moja sh 85,000, vidonge 60, kila kimoja kimeandikwa miligramu 100 za koenzaimu Q10. Walitaka achukue chupa tatu, "dozi kamili". Nikawaambia moja inatosha tuangalie. Hiyo Q10 yenyewe ni kitu cha kweli, iligunduliwa na Frederick Crane kule Wisconsin, Marekani, mwaka 1957 kutoka kwenye mioyo ya ng'ombe, na kazi yake ni kubeba elektroni kwenye ule mlolongo niliousema, kuzitoa kwenye hatua za mwanzo kuzipeleka hatua ya tatu. Mwili unaitengeneza wenyewe. Wanaozaliwa na kasoro ya kutoweza kuitengeneza, ambao ni wachache mno, vidonge hivi kwao ni tiba kweli na wakianza mapema vinasaidia sana baadhi yao. Kuna utafiti wa mwaka 2014 wa wagonjwa 420 ambao moyo umeshindwa kazi, nusu walipewa miligramu 300 kwa siku juu ya dawa zao za kawaida kwa miaka 2, na waliotumia walipata matatizo makubwa ya moyo kidogo kuliko wenzao, asilimia 15 kwa 26. Ni utafiti mmoja, sio mkubwa, ila siwezi kusema hakuna kitu. Mwaka huohuo ukatoka wa ugonjwa wa Parkinson, watu 600, dozi za juu kabisa mpaka miligramu 2,400 kwa siku, ukasimamishwa kwasababu vidonge havikusaidia chochote. Kijana wa koti jeupe yeye aliweka vyote kapu moja: moyo, Parkinson, sukari, nguvu za kiume, uzazi, saratani, kumbukumbu, na ngozi.

Kuhusu ubora wa chupa: lebo imeandikwa kiingereza na kichina, tarehe ya kuisha ipo, lakini namba ya usajili wa TMDA (mamlaka ya dawa) sikuiona na alama ya TBS (shirika la viwango) sikuiona, nilipouliza wakasema "mzigo ujao". Maelekezo wanasema umeze asubuhi kabla ya kula chochote. Hii ni makosa, Q10 inayeyuka kwenye mafuta, ukiimeza tumboni kukiwa kutupu inafyonzwa kidogo sana, unatakiwa umeze na mlo wenye mafuta kidogo. Muuzaji ambaye hajui hata hilo kuhusu bidhaa anayouza sh 85,000 mi namtilia shaka kwenye mengine yote.

Na hayo mengine ndo haya. Alimwambia mama mdogo aache dawa ya kolestroli kwasababu "inaua mitokondria". Angalia ujanja ulipo, kuna chembe ya ukweli. Statini zinazuia njia ambayo mwili unatumia kutengeneza kolestroli, na Q10 inatengenezwa kwa njia hiyohiyo, kwahiyo ukitumia statini kiwango cha Q10 kwenye damu kinashuka. Ndo maana watu walijaribu Q10 kwa wanaopata maumivu ya misuli wakiwa kwenye statini, na majibu yamegongana, tafiti nyingine zinaona nafuu, nyingine hazioni kitu. Ila kutoka hapo mpaka kumwambia mama wa miaka 60 na kitu mwenye sukari na presha aache dawa inayomkinga na kiharusi, bila kuongea na daktari wake, huo ni ukatili. Misuli ikiuma daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha aina, njia zipo.

Kuna mwingine nilimsikia kiti cha pembeni, dada mdogo tu, akiambiwa ARV zinamaliza mitokondria hivyo "asafishe" kwanza kwa mwezi mmoja. Jamani. Hili naliongea kwa sauti kwasababu nalo limejengwa juu ya kitu kilichowahi kutokea. Miaka ya mwanzo ya ARV nchini tulikuwa na stavudini, ile d4T, na wengi wenu mnakumbuka ndugu zetu mashavu yalivyoingia ndani, miguu inawaka moto usiku, wengine asidi laktiki ikapanda wakafa. Ile dawa ilikuwa inazuia kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria, kwahiyo mitokondria zilikuwa zinaisha kweli. Ndo maana mwaka 2009 WHO wakashauri nchi ziiondoe taratibu kwasababu ya madhara hayo. Dawa za sasa, ile TLD ya kidonge kimoja kwa siku, haina stavudini ndani yake na tatizo lile haliko hivyo tena. Kumtisha mtu wa leo kwa madhara ya dawa iliyoondolewa ili umuuzie chupa, halafu akiacha ARV mwezi mzima virusi vinapanda na vinaweza kuwa sugu. Nilimfuata yule dada kwenye ngazi tukaongea, sitasema zaidi maana ni mambo yake.

Neno "sumu" nalo wanalitumia sana pale. Sumu ya mitokondria ipo, mfano sayanidi, inafunga ile hatua ya mwisho ambapo oksijeni inapokelewa, seli inakosa hewa wakati hewa ipo. Na kwetu inahusu muhogo mchungu usioandaliwa vizuri: Tarime mwaka 1985 kulikuwa na mlipuko wa konzo, watu wakapooza miguu ghafla wakati wa ukame, na konzo imehusishwa na sayanidi ya muhogo uliokaushwa haraka haraka pamoja na lishe duni ya protini. Kinga yake ni kuloweka na kuanika vya kutosha na kula chakula cha protini pamoja nao. Hakuna kidonge pale dukani kinachohusika na hilo.

Turudi kwa mama mdogo. Alimeza ile chupa mpaka ikaisha, kwa chakula kama nilivyomwambia, statini hakuacha maana nilikaa naye nikamwelewesha. Mabadiliko? Hakuna. Tumbo lilimsumbua siku za mwanzo likaacha. Daraja la Manzese bado alikuwa anasimama katikati. Wakati huohuo nilimpeleka akapime FBP, kipimo cha kawaida cha damu ambacho gharama yake haifiki hata robo ya chupa, na wingi wa damu ukatoka 8.9 wakati mwanamke anatakiwa 12 kwenda juu. Mama alikuwa hana damu! Daktari akaendelea kutafuta, chuma kiko chini sana, na vitamini B12 nayo iko chini, ambayo kwa mtu aliyetumia metfomini miaka mingi ni jambo linalojulikana kabisa. Akaanzishiwa chuma na sindano za B12, akatafutiwa na chanzo cha kupoteza damu. Saa hizi anapanda daraja akiongea.

Fikirieni hapo kidogo. Mitokondria zake hazijawahi kuonyeshwa zina ugonjwa wowote, zilikuwa zinangoja oksijeni na damu ya kuileta haitoshi. Ile mashine ilitoa kurasa nzima za majibu, mpaka "nguvu ya mitokondria" ikaipa namba, na upungufu wa damu wa 8.9 haikuuona. Kwenye karatasi yake damu ni kijani.

Na kama unachotaka hasa ni mitokondria nyingi kwenye misuli, hilo lina jibu tangu mwaka 1967, John Holloszy wa Marekani aliwakimbiza panya kwenye mashine kwa wiki kadhaa akakuta uwezo wa mitokondria za misuli yao umekaribia mara mbili, na kwa binadamu ikaja kuonekana hivyohivyo, ukitembea kwa kasi, ukikimbia au ukiendesha baiskeli mara kwa mara misuli inatengeneza mitokondria mpya. Asubuhi Daraja la Tanzanite limejaa watu wanakimbia, hakuna anayelipa kiingilio. Ukikaa miezi bila kufanya chochote zinapungua tena, hiyo nayo ijulikane.

Kurudishiwa hela sahau. Nilirudi na majibu ya FBP mkononi nikawaonyesha, kwa adabu, wakaniambia vidonge "vilikuwa vinaandaa mwili upokee matibabu", halafu wakanishauri nijiunge niwe wakala nipate punguzo. Nyota 4 kwa mapokezi, 1 kwa vidonge kwa bei ile na bila usajili, kipimo sikipi nyota hata moja.

La mwisho na la haraka: Q10 inaweza kupunguza nguvu ya wafarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande wanayopewa waliowekewa vali za moyo na wengine wenye damu iliyoganda. Pale dukani hakuna aliyeulizwa anatumia dawa gani, nilikaa nikasikiliza, hakuna hata mmoja. Kama una mzazi anatumia wafarini na kashaanza hivi vidonge, asiache wala kubadilisha dawa yoyote kwa kubahatisha, mpeleke kliniki yake wiki hii akapimwe INR (kipimo cha damu inavyochukua muda kuganda) na aende na chupa mkononi daktari aione.